Siku Mwambeni Ilipokuwa Jiji

Taa ya mpaka iliyosimama langoni kwa mama yake ilibadilika rangi Mkawasi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa ya kijani tangu siku iliposimikwa. Sasa ilipepesa mara moja, kama jicho lililoingiwa na vumbi, kisha ikatulia ikiwa ya buluu.

Mama Malemba alikuwa ameinama akiwarushia kuku mtama. Aliinua uso. "Mkawasi, hiyo taa yenu ina nini?"

 Mkawasi alishakwenda ukingoni mwa kiwanja, anatazama bondeni. Taa ya lango la jirani, buluu. Ya kanisani, buluu. Ya shuleni, buluu. Kilima kizima cha Ndighi, kutoka kwenye miamba ya juu hadi mtoni, nguzo ziligeuka moja baada ya nyingine kama moto unaokimbia kwenye nyasi kavu, ila moto huu haukuwa na joto wala sauti. Sauti ikaja baadaye, kutoka chini mjini Mwambeni: ving'ora, honi, kengele za shule, na vigelegele vya watu wengi kwa pamoja.

"Tumekuwa jiji!" kijana mmoja alipita mbio barabara ya chini akipiga kelele. "Mwambeni ni jiji!"

"Nani amekuwa jiji?" Mama Malemba aliuliza. Mtama ulikuwa unamdondoka kiganjani bila yeye kujua. "Mimi?"

Kama kulikuwa na mtu wa kulijibu swali hilo, alikuwa Mkawasi. Yeye ndiye aliyekuwa Mhandisi Mkuu wa Mpaka kwa eneo lote lile, na alikuwa amepanda kilimani Jumamosi hiyo kuja kumwona mama yake tu, kula viazi na kulala. Mpaka ulikuwa ukisogea, hilo si jambo geni. Ulisogea upana wa shamba la mihogo, ukarudi upana wa njia ya ng'ombe. Lakini kilima kizima kumezwa kabla chai haijapoa? Mpaka haukuumbwa uweze kuruka hivyo.

"Kaa, Mama."

"Sikai. Niambie. Sheria ya jiji inasema nini juu ya mbuzi?"

"Hawaruhusiwi."

"Na shamba?"

"Linakatwa viwanja."

Mama Malemba aligeuka polepole, akatazama nyuma ya nyumba, ambako kaburi la mumewe lilikuwa limesakafiwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Wote wawili walijua kwamba katika jiji hakuna anayezikwa nyumbani, na aliyekwisha kuzikwa nyumbani huhamishwa.

Zamani mipaka ya kaunti ilichorwa na watu waliokuwa mbali, kwa kalamu, na kila ulipokaribia uchaguzi watu walichinjana kwa sababu ya kalamu hiyo. Baada ya damu nyingi kumwagika, nchi ikaamua kwamba hakuna tena mkono wa mtu utakaochora mpaka. Ikaundwa Mizani, mashine ya kupima na kuchora mipaka. Mizani haikuwa na mjomba wala chama. Ilipima mambo matano tu: watu wanalala wapi, wanateka maji wapi, wanauza wapi, wanatibiwa wapi, wanazika wapi. Kila mtu alivutwa kule maisha yake yalikoelemea, na mpaka ukawafuata. Mji ambao watu walioelemea kwake walitosha, ulipewa hadhi ya jiji papo hapo, ukajitenga kuwa kaunti yake, na haki zote za jiji zikafunguka zenyewe: bomba kubwa la maji, umeme usiokatika, hospitali yenye mitambo kamili. Uliopungukiwa ulivuliwa hadhi hiyohiyo, na haki zikajifunga.

Kati ya hayo matano, kuzika ndiko kulikokuwa na uzito kuliko yote. Mkawasi alikuwa mmoja wa waliokaa kuamua uzito huo, akiwa bado msichana aliyetoka chuoni na maneno mengi. Ni yeye aliyesimama akasema kwamba mtu huhamisha kitanda lakini hahamishi kaburi. Walimpigia makofi.

Akagusa kikuku chake cha kazi, akakisogeza mdomoni. "Mizani. Uzito huu umetoka wapi?"

Sauti ilijibu bila haraka wala hisia. "Makaburi ya manispaa, Mwambeni. Mazishi mapya usiku wa kuamkia leo."

"Ya nani?"

"Ya wazee wa ukoo mmoja wa Ndighi. Vinusi vya udongo, vyombo vya kupimia makaburini, vimesoma mifupa na kuilinganisha na walio hai. Kila mfu amevuta watoto wake, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Ukoo umeoana na koo zote za kilima. Kilima kimeelemea Mwambeni."

"Miili mizima?"

"Hapana. Vichwa."

Mkawasi akakitazama kikuku kama kimemuuma. Mama yake alikuwa amesikia. Alikuwa amekwisha jitanda kanga, na tayari anaelekea kwenye njia ya miambani, yeye na magoti yake mabovu.

*

Watu wa Ndighi, kabla ya kanisa kuwafikia, walizika mara mbili. Kwanza ardhini, kama wanavyozika watu wengine. Halafu, nyama ilipokwisha kurudi udongoni, walifukua kichwa na kukipeleka pangoni, kikae na wenzake kwenye kivuli cha mwamba, kitazame bonde. Desturi yenyewe ilikoma zamani, lakini mapango yalibaki, na hakuna aliyeyachezea. Pango la ukoo wao lilifichwa na mwamba uliolala kama ng'ombe, na njia yake waliijua wenye pango tu.

Mama Malemba ndiye aliyetangulia kuingia. Mkawasi alimsikia akivuta pumzi.

Rafu ya jiwe ilikuwa tupu. Pale walipokaa vichwa kulikuwa na madoa meupe ya mviringo, safi, yaliyozungukwa na vumbi la miaka mingi, mfano wa meza iliyoondolewa vyombo. Hewa ilinukia popo. Mama Malemba alipapasa doa moja kwa vidole, akapapasa la pili.

"Hapa alikuwa nyanya yake baba yenu," alisema. "Hapa kaka yake, yule aliyeuawa na simba. Nilipoolewa nililetwa hapa kuwaamkia. Niliwaamkia, Mkawasi, nikawatajia jina langu." Akapapasa la tatu. "Waliwabeba vipi? Kwa magunia? Kama makaa?"

 Mkawasi alikuwa ameinama kuokota kitu kilichokwama kwenye ufa wa jiwe. Ilikuwa glavu ya hospitali, nyembamba, imechanika kidole gumba. Mama yake aliiona. Wote wawili walimfikiria mtu mmoja, na kila mmoja alingoja mwenzake alitamke jina.

"Hapana," alisema Mama Malemba. "Si Mwadime. Mwanangu hawezi."

*

Mwadime alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya Mwambeni. Ni mdogo wake Mkawasi, mtoto wa mwisho, mpole tangu utotoni. Miaka miwili nyuma mwanawe wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati. Mwambeni, kwa kuwa ulikuwa mji tu na si jiji, haukuwa na haki ya mtambo wa kumpumulisha mtoto. Walimkimbiza kwa gari kuelekea pwani, Mwadime akiwa amempakata kifuani ndani ya shati. Walipofika, alikuwa akimpakata mtoto aliyekwisha poa.

Mjini walifika alasiri, wakapita katikati ya ngoma. Watu walikuwa wakikumbatiana barabarani, mtu mmoja alimwagia Mama Malemba maua bila kumtazama usoni. Mabomba yaliyokauka miezi mingi yalikuwa yakitema maji, na wanawake waliyaingia na nguo zao zote, wanacheka na kulia.

Walimkuta Mwadime kwenye ukumbi wa wodi. Alipowaona, na alipoona glavu mkononi mwa dada yake, hakujaribu kudanganya. Alivua kofia yake ya kazi.

"Shikamoo, Mama."

Mama Malemba hakuitikia. Swali lililomtoka lilikuwa lilelile la pangoni. "Uliwabeba kwa magunia?"

"Kwa mashuka, Mama. Mashuka safi. Nilimfunga kila mmoja peke yake. Niliwaomba radhi njia nzima."

"Na wakakujibu?"

Mwadime aliinamisha kichwa.

"Mwadime, unajua umefanya nini?" Mkawasi alijaribu kunong'ona lakini sauti ilimpanda. "Kilima chote! Watu hawajaulizwa. Kesho watu wa jiji watakuja kuhesabu mbuzi wao, keshokutwa watakata mashamba. Baba atafukuliwa!"

"Baba amekufa, dada."

Kofi la Mama Malemba lilitua kabla hajamaliza. Mwadime hakujishika shavu. Alingoja, kana kwamba kuna la pili, kisha akasema taratibu, "Njooni muone."

Akasukuma mlango. Ndani, katikati ya chumba, kulikuwa na mtambo mpya wa kioo, mwangaza wake laini, ukivuma kwa chini. Ndani yake alilala mtoto wa kike asiyezidi mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko. Mrija ulimwingia mdomoni, na kifua chake, chembamba kama jani, kiliinuka na kushuka kwa kufuata mvumo wa mtambo. Kando yake aliketi mama yake, msichana aliyeitwa Mghoi, amevaa kanga ya kuazima.

"Amezaliwa asubuhi hii, taa zilipogeuka," alisema Mwadime. "Mtambo huu ulikuwa stoo, umefungwa. Haki ya jiji ilipofunguka, kufuli likajifungua lenyewe. Lau angezaliwa jana, mngenikuta namfunga sanda." Akamgeukia dada yake. "Wewe ndiye uliyesema kaburi lizidi vyote. Mimi nilikusikiliza tu. Kule juu wafu wametosha kujaza pango, na huku chini watoto wanakufa kwa kuwa mji umepungukiwa na watu. Ulitaka nifanyeje?"

 Sheria Mkawasi aliijua kama alivyojua jina lake. Mpaka uliosogea hukauka jua linapozama. Kabla ya hapo, Mhandisi Mkuu anaweza kuweka pingamizi kwa sauti yake, na uzito wa hila hufutwa mara moja. Jua likizama kabla ya pingamizi, mpaka umekauka, na haugusiki hadi mtoto huyu awe msichana wa shule. Na pingamizi likiwekwa, jiji linakufa saa hiyohiyo, na kila kilichofunguliwa na jiji kinajifunga. Maji. Umeme. Na mtambo huu.

Alitegemea mama yake atasema: rudisha. Lakini Mama Malemba alikuwa amesogea hadi kwenye kioo, amekiwekea kiganja, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Walizikwa ardhini," alisema, haikujulikana anamwambia nani. "Wakazikwa pangoni. Sasa wamezikwa manispaa. Mazishi ya nne mimi siyataki. Waache, Mkawasi. Nitauza mbuzi."

"Mama, na majirani? Wao nani amewauliza kama wanataka kuuza mbuzi?"

"Wana watoto pia."

Kikuku cha Mkawasi kilitetemeka. Alikuwa Kubo, msaidizi wake ofisini, na alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Mhandisi, uko wapi? Habari imeshatoka. Watu wameshajua ni mifupa iliyosogeza mpaka. Kuna mji kule kaskazini, watu wameonekana wameingia makaburi ya kanisa na majembe, mchana kweupe. Kwingine wamefukua mama wa watu aliyezikwa juzi, maua bado hayajanyauka. Familia yake imewakuta, wamepigana na mapanga juu ya jeneza. Mhandisi, wananiuliza hili la Mwambeni litasimama au halitasimama. Niwaambie nini?"

 Mwadime, ambaye hakutikisika kwa kofi la mama yake, sasa alishika ukuta.

"Sikudhani," alisema. "Mimi... ilikuwa hapa tu. Ni sisi tu."

"Ngoja kidogo, Kubo," alisema Mkawasi. Dirishani jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati ya sokoni. "Ndege ya wagonjwa kutoka pwani, ikiitwa sasa hivi, itafika lini?"

"Giza likishaingia. Si kabla."

"Iite."

Akamtazama mdogo wake. "Mtambo ukizima, kuna kitu kingine?"

"Mtungi wa hewa wa zamani tunao. Na puto la kuminya kwa mkono." Mwadime aliitazama mikono yake. "Lakini si mchezo, dada. Ukiminya sana unapasua mapafu. Ukiminya kidogo, hapati kitu. Na mkono huchoka. Ukikosea mara moja tu..."

"Tayarisha."

"Mkawasi!" Mama Malemba aliruka. "Mwanangu, huna moyo? Huyu si jiwe la mpaka, ni mtoto!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Mkawasi na hakuyafuta. Alitaka kusema kwamba moyo anao, kwamba ndio unaomvunja mbavu, lakini alijua akianza kusema hatamaliza, na jua halimngoji. Mwadime alifungua mtungi, akaunga mrija, akajaribu puto hewani. Mikono yake ilitulia kama ya fundi aliyekwisha kugusa kazi yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Mizani," alisema Mkawasi. "Ni Mkawasi, Mhandisi Mkuu. Mazishi ya Mwambeni ni ya wizi. Naweka pingamizi."

"Pingamizi limepokelewa."

Mvumo ulikatika. Mwangaza laini ukafa. Nje, mjini, ngoma ziliendelea kidogo kwa nguvu ya mazoea, moja ikaacha, nyingine ikaacha, hadi ikabaki sauti ya mwanamke mmoja aliyekuwa akiuliza kwa nini bomba limekauka. Kilimani taa zilirudi kuwa kijani, lakini chumbani mle hakuna aliyezitazama.

Mwadime alikuwa amekwisha mfungua mtoto kwenye mtambo. Puto lilikuwa mkononi mwake, linaminywa na kuachiwa, linaminywa na kuachiwa, na kifua kile cha jani kikaendelea kuinuka.

Askari walifika upesi, kwa maana pingamizi la wizi hupelekwa kwao papo hapo, pamoja na maneno ambayo kikuku kimeyasikia. Walikuwa wawili. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye mvi, aliingia akiwa na pingu mkononi, akaona, akazirudisha mfukoni.

"Nani Mwadime?"

"Ni mimi, afande."

"Unatakiwa."

"Naona, afande. Lakini mkono huu siwezi kukupa."

Yule askari alivua kofia, akaegemea ukuta. Alingoja. Lakini redio yake haikungoja. Ilimwita, ikamwita tena, ikamwambia kwamba watu wamekusanyika nje ya hospitali, wamejua ni nani aliyewapa jiji na nani aliyewanyang'anya, na kwamba Mwadime atolewe kwa mlango wa nyuma kabla hawajavunja wa mbele.

Mkawasi alivua kikuku chake, akakiweka dirishani. "Nipe mimi."

"Hujui, dada."

"Nifundishe."

Mwadime alimshika mikono, akaiweka juu ya yake, puto likiwa katikati. Walipumua pamoja, watu watatu. "Hivi. Si kwa kiganja, kwa vidole. Minya, acha. Usimtazame usoni, utaogopa. Tazama kifua. Minya, acha. Minya..." Polepole alichomoa mkono wa kwanza. Kifua kiliinuka. Akachomoa wa pili. Kifua kiliinuka tena. Alibaki amesimama pale, mikono yake ikiwa wazi na mitupu, hadi askari alipomgusa bega.

Mlangoni alipiga magoti mbele ya mama yake. Mama Malemba alimwekea mkono kichwani. Kisha akatoka naye, ameshika shati lake kwa nyuma, na askari hawakumzuia.

Ndani wakabaki watatu. Mghoi, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza lolote, alikuja akasimama upande wa pili wa kitanda.

"Ni wewe uliyezima?"

"Ni mimi."

Mghoi alimtazama kwa macho makavu, makubwa, ya mtu asiyejua bado achague hasira au woga. Nje, kitu kizito kiligonga lango la hospitali.

"Basi usiache," alisema.

Mkawasi hakuacha. Vidole vilikufa ganzi, vikawaka moto, vikafa tena. Jasho lilimwingia machoni na Mghoi akalifuta kwa ncha ya kanga, si kwa huruma, bali ili aone kifua. Ndege ilipotua kwenye uwanja wa mpira, madaktari wa pwani waliingia mbio kwa mlango wa nyuma na mtambo wao, wakamchukua mtoto mzima, wa moto, anapinga kwa miguu. Mghoi alitoka nao bila kuaga.

Daktari wa mwisho alirudi kuchukua mtungi. Alimkuta yule mhandisi amesimama palepale, macho yake kwenye kitanda kitupu, na vidole vyake vinaendelea kuminya hewa.